GNU Make: toleo 3.81 na 4.3 hupanga sura vizuri, kwa nini 4.2.1 huzivuruga?

Swali
Ndugu zangu, ninaandaa kitabu cha mafunzo chenye sura 14, kila sura katika faili lake, kuanzia sura-01.txt hadi sura-14.txt. Makefile yangu, yaani faili la maagizo ambalo programu ya GNU Make huyafuata, huyakusanya mafaili hayo kwa $(wildcard sura-*.txt), inayotafuta kila jina linalolingana na ruwaza hiyo, kisha huyaunganisha kuwa faili moja. Kwenye Mac yangu, yenye toleo 3.81, sura hufuatana inavyotakiwa. Kwenye seva ya Ubuntu 20.04, yenye 4.2.1, sura ya 9 ilitangulia ya 3, nasi tuligundua hivyo nakala zikiwa zimekwisha kuchapwa. Mwenzangu anayetumia Ubuntu 22.04, yenye 4.3, hapati tatizo lolote. Ningeelewa kama toleo jipya lingeharibu kazi ya lile la zamani, lakini hapa linaloharibu ni la kati peke yake. Kosa liko wapi?

Jibu la 1
Pole kwa nakala hizo. Hadi 3.81, wildcard ilirudisha majina yakiwa yamepangwa kialfabeti. Toleo 3.82, lililotoka Julai 2010, liliacha kuyapanga, hivyo majina yakawa yanakuja kwa mfuatano wowote ule ambao mfumo wa mafaili unayatoa, na upangaji haukurudi mpaka 4.3 ya Januari 2020. Seva yako imeangukia katikati ya kipindi hicho. Andika $(sort $(wildcard sura-*.txt)), ili sort iyapange majina, nayo itafanya kazi katika matoleo yote, mimi huiandika hata penye 4.3, kwa sababu mpangilio ninaoutegemea napenda uonekane ndani ya Makefile yenyewe. Usiziondoe sifuri za mwanzo katika majina, maana sort hulinganisha herufi kwa herufi, na bila sifuri hizo sura-10 ingetangulia sura-2.

Jibu la 2
Naafiki, ila mimi nina wasiwasi zaidi na hiyo Mac. Toleo 3.81 ni la mwaka 2006 na halitambui .ONESHELL, iliyoanza na 3.82, ambayo huagiza mistari yote ya amri za kazi moja iendeshwe katika sheli moja (programu inayotekeleza amri), likiikuta huipita bila onyo lolote na kuendelea kuendesha kila mstari katika sheli yake. Niliwahi kuandika «cd muda» na chini yake «rm -f *», nikafuta mafaili ya folda kuu ya mradi badala ya yale ya muda. Tangu siku hiyo naanza kila Makefile na kinga hii, ambayo husimamisha kazi ikiwa oneshell haimo katika .FEATURES, orodha ya uwezo wa make, na ambayo hata 3.81 huielewa:

ifeq ($(filter oneshell,$(.FEATURES)),)
$(error Toleo hili la make ni la zamani mno)
endif

Kwenye Mac, toleo jipya hupatikana kwa «brew install make», na huitwa gmake.

Muulizaji
Nashukuruni sana. Kwa sort, mashine zote tatu sasa zinatoa mpangilio mmoja. Kinga nayo niliiweka katika kila Makefile, nikasakinisha gmake, lakini folda ya picha bado inakataa kwenye Mac.

Jibu la 2
Bila shaka Makefile yako kuu inaiita folda hiyo kwa «make -C picha», na hapo unarudi kwenye 3.81. Andika $(MAKE) -C picha, ili toleo lililoanza kazi ndilo liimalize.