Uchambuzi wa tabia: nisome uzamili kamili, niende saikolojia yenye kozi zake, au nianze na RBT?

Nuru_Elimu
Wakuu, salaam. Nina shahada ya kwanza ya elimu maalumu na nimefundisha watoto wenye usonji miaka minne. Sasa nataka kuingia rasmi kwenye uchambuzi wa tabia, ile fani ya kupima tabia na kinachoisababisha ili kuibadilisha. Nina njia tatu: uzamili wa uchambuzi wa tabia wenyewe, uzamili wa saikolojia ambao ndani yake mna kozi za fani hii, au nianze na RBT, cheti cha wahudumu chenye mafunzo ya saa 40, nifanye kazi kwanza halafu nipande. Naombeni ulinganisho kutoka kwa waliopita huko. Vipeperushi vya vyuo nimeshavisoma vya kutosha.

Mchoragrafu
Karibu dada Nuru. Kabla hujalinganisha vyuo, jua kwanza ni bodi gani itakayokupa cheti mahali utakapofanyia kazi. BACB, iliyoanzishwa 1998, ndiyo bodi inayotoa BCBA, cheti cha mchambuzi kamili, na RBT, na tangu 2023 haipokei tena maombi mapya kutoka nchi nyingi zilizo nje ya Marekani na Kanada. Wa kwingine wengi wanakwenda kwenye bodi nyingine, QABA au IBAO, na kila moja ina masharti yake. Nimeona mtu akimaliza uzamili mzuri kabisa ndipo anagundua kwamba bodi aliyoilenga haimpokei. Inauma.

Mimi nilisoma uzamili wa fani yenyewe, na ningeuchagua tena. Muhula mzima tulikaa kwenye utafiti wa mtu mmoja mmoja: unapima tabia kabla ya kugusa chochote, unaingiza mbinu, unaiondoa, unairudisha, huku unachora grafu siku hadi siku. Mwenzangu aliyepita saikolojia ya jumla alifundishwa sana wastani wa makundi. Alipokabidhiwa mtoto mmoja, na data za mtoto huyo tu, ilibidi aanze upya.

Bi_Mshumaa
Nakubaliana na Mchoragrafu kuhusu bodi, ila kwa chuo naona mnakipa uzito kupita kiasi. Kinachowakwamisha watu ni saa za vitendo. Kwa kanuni za BACB za 2022 unachagua saa 2,000 za kawaida, ambazo angalau asilimia 5 ziwe chini ya msimamizi, au saa 1,500 zilizokolezwa, ambapo usimamizi unapanda hadi asilimia 10. Piga hesabu: za kwanza zina saa 100 za kukaa na msimamizi, za pili 150. Hizo fupi ndizo zinazokupa mwalimu kwa muda mrefu zaidi!

Kwa mwezi hazihesabiwi zaidi ya saa 130 wala chini ya 20, na zote zimalizike ndani ya miaka mitano. Anayeokota saa 20 kila mwezi atafikisha 1,200 tu, muda umekwisha.

Halafu kuna sharti linalowashtua wengi: angalau asilimia 60 ya saa ziwe za kazi ya mchambuzi, yaani kufanya tathmini, kuchora na kusoma data, kuandika mpango, kufundisha wazazi na wahudumu. Kukaa na mtoto ukitekeleza mpango ulioandikwa na mwingine hakuingii humo. Kwa hiyo usiulize chuo kina jina gani. Uliza nani atakusimamia, ana wanafunzi wangapi, na atakupa kazi gani mikononi.

Tulivu
Niwatetee RBT kidogo. Nilianzia huko na sijutii. Wiki yangu ya pili kulikuwa na mtoto wa miaka sita aliyetupa kikombe kila tukikaa mezani. Kwenye daftari nikaandika "ana hasira". Msimamizi akalikata neno hilo kwa kalamu. "Hasira umeiona wapi? Kabla ya kikombe kuanguka kulikuwa na nini? Kilipoanguka kikafuata nini?"

Nikarudi na karatasi ya safu tatu. Mara 11 kati ya 13, kikombe kiliruka punde tu baada ya kuwekewa kazi ya kuandika, na kila mara tuliondoa daftari ili tufute maji. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tukimfundisha kwamba kutupa kikombe kunaondoa kazi. Tukampa kadi ya kuomba mapumziko, tukaiheshimu kila alipoinyanyua. Nilipofika darasani na kusoma kuhusu kazi ya tabia, yaani tabia inampatia mtoto nini, mfano wangu nilikuwa nao tayari.

Ila alichosema Bi Mshumaa ni kweli: saa zangu za RBT hazikunisaidia sana kwenye zile asilimia 60. Usikae hapo miaka mingi bila mpango.

Mama_Pacha
Mimi si mchambuzi, ni mzazi. Tafadhali ongezeni kipimo kimoja kwenye ulinganisho wenu. Ivar Lovaas, ambaye utafiti wake wa 1987 uliifanya mbinu hii ijulikane sana kwenye usonji, katika miaka ya 1960 alitumia hata shoti za umeme kwa watoto. Watu wazima wenye usonji wanaeleza waziwazi madhara ya kulazimishwa waonekane "kawaida". Muulize mkufunzi: mtoto asiyesema akionyesha hataki, mnafanyaje? Akisita, dada, tafuta kwingine.

Mchoragrafu
Mama Pacha, asante. Swali hilo lingekuwa la kwanza kwenye kila usaili. Na kwa atakayeuliza kuhusu uzamivu: BCBA-D ni alama ya kiwango cha elimu tu, kazini ana mamlaka yale yale ya BCBA. Nenda kama unataka kufundisha chuoni au kufanya utafiti.

Nuru_Elimu
Nimewaelewa. Saikolojia naitoa. Kuna uzamili wa fani yenyewe ambao niliuweka kando kwa sababu chuo hakina jina kubwa, lakini kinawapangia wanafunzi wasimamizi. Leo usiku nawaandikia maswali matatu: msimamizi ana wanafunzi wangapi, nitaanza kuandika mipango mwezi wa ngapi, na lile la Mama Pacha. Wakijibu nitayaleta hapa.