Wauza wino wa printa Mtwara, andikeni kwenye chupa mnatuuzia nini!

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira na sifichi. Wa Lindi, Masasi na Newala nanyi someni, maana najua chupa hizihizi zinawafikia.

Nina steshenari ndogo hapa Mtwara mjini: fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti. Katriji, yaani vile vikasha vya wino vya printa, najaza mwenyewe, huu mwaka wa nne, kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui kujaza. Meza naitandika gazeti, nabandua lebo ya juu, kisha kila tundu nachomeka njiti ya meno nione rangi iliyomo kabla sijaingiza sindano. Ukitia njano kwenye chumba cha nyekundu umeshaiua hiyo katriji. Mililita mbili kila chumba, taratibu, sponji inywe yenyewe. Nikimaliza naikandamiza hedi, ile sehemu ya chini inayotoa wino, kwenye tishu yenye maji ya uvuguvugu hadi iache mistari mitatu ya rangi tatu. Vile vidoti vya shaba sivigusi kwa kidole.

Sasa sikieni. Mwezi wa kumi na mbili nilinunua seti ya chupa nne kwenye duka moja hapa mjini. Jina silitaji. Lebo imeandikwa inafaa printa zote, basi. Nikamuuliza muuzaji, hii nyeusi ni pigimenti, ule wino usiofutika kirahisi kwa maji? Akanijibu, "Bosi, wino ni wino." Nikachukua kwa sababu wateja walikuwa wananisubiri. Hapo nilikosea, nakiri.

Wiki ile akaja mzee mmoja kutoka Naliendele, nikamchapia barua ya kupeleka ofisini, akaenda kusainiwa na mwenyekiti wa mtaa wake. Siku ya pili mvua ikamkuta njiani juu ya bodaboda, barua iko mfuko wa shati. Akarudi kwangu moja kwa moja. Hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, kaifunua mezani: "Mwanangu, tazama ulichonipa." Maandishi yote yamegeuka doa la zambarau, huwezi kusoma hata jina lake. Saini ya mwenyekiti, ya kalamu ya kawaida ya mia tano, ipo vilevile haijatikisika. Nilimchapia upya kwa mashine ya jirani na nauli ya kwenda kumtafuta mwenyekiti tena nikaitoa mimi. Aibu niliyoisikia siku ile pesa haiondoi.

Kwa wasiojua: kuna wino ambao rangi yake imeyeyuka kwenye maji kama chumvi. Unang'aa, unapendeza kwenye picha, lakini ukilowa unaondoka. Na kuna pigimenti, ambayo rangi yake ni punje ndogo sana zinazoelea ndani ya maji. Punje zinakaa juu ya karatasi na kuishika, maji hayaziondoi kirahisi. Katriji nyingi nyeusi za Canon na HP, zile zenye hedi yake chini, zinatoka kiwandani na pigimenti. Za rangi zinatoka na ule wa kuyeyuka. Yaani ndani ya printa moja unahitaji wino wa aina mbili tofauti! Halafu mtu anakaa kaunta anakwambia wino ni wino.

Nikarudi dukani. Hakuomba hata samahani. Akatoa seti nyingine: "Chukua hii, haifutiki." Kweli, nyeusi haikufutika. Na rangi nikajaza zilezile za seti hiyo, maana aliniapia kwamba zote nne ni za printa yangu. Siku ya tatu nyekundu ikaanza kukatika. Nikapiga karatasi ya majaribio, mistari ya nyekundu ina mapengo kama meno ya mtoto. Wanafunzi waliokuja picha za fomu wakatoka na nyuso za kijani. Kijani, wakuu! Nyekundu ikikosekana, ngozi inabaki bluu na njano, na hizo mbili zikikutana ndiyo kijani hicho. Seti nzima ilikuwa pigimenti. Punje zimeingia kwenye tundu za katriji ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, zikakutana na mabaki ya wino wa zamani, zikaganda.

Kilichoniuma kuliko vyote ni ushauri alionipa yule muuzaji nilipompigia simu. "Endelea kuprinti tu, itafunguka yenyewe." Nikaprinti kurasa nzima za nyekundu, moja baada ya nyingine, hadi ikafa kabisa. Katriji za namna hii zinarusha wino kwa joto: ndani kuna vipashio vidogo vinauchemsha wino, unafanya povu, povu linausukuma nje. Wino huohuo ndio unaoondoa joto. Ukilazimisha kuprinti wakati haufiki, kipashio kinaungua, na kilichoungua hakifunguki hata uloweke wiki nzima. Kama angeniambia niiloweke hedi kwenye maji ya uvuguvugu na niache kuprinti, huenda ningeiokoa. Katriji mpya elfu arobaini na tano, nayo nimeagiza Dar, inakuja na basi zaidi ya kilomita 500.

Wenye Epson za tanki msidhani haiwahusu. Zile hazitumii joto, lakini hedi ni sehemu ya mashine yenyewe. Ikiziba hununui katriji, unaingia gharama ya hedi nzima.

Simlaumu mtu kwa kuuza wino wa bei nafuu. Wengi wetu tusingefungua hizi steshenari bila huo wino. Ninachodai ni kidogo mno: chupa iandikwe ni pigimenti au wa kuyeyuka, ni wa printa zipi, na mwisho wa matumizi ni lini. Kama lebo haisemi, muuzaji aseme. Kama hajui, aseme hajui, nijipime mwenyewe.

Na kujipima kupo. Chapa mstari kwenye karatasi ya kawaida, au dondosha tone ulisambaze kwa njiti. Acha likauke hadi kesho yake, kisha weka tone la maji juu. Wino ukisambaa wote, usiutie kwenye katriji nyeusi ya barua za watu. Usipotikisika, usiutie kwenye vyumba vya rangi.

Chupa zote nane ninazo hapa mezani, pamoja na katriji iliyoungua na barua ya yule mzee, aliniachia. Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwa yule muuzaji nazo. Kama kuna mwingine hapa Mtwara aliyeuziwa seti hizi, njoo tuwe wawili.