Tupeane uzoefu: ulieleza kinachokuuma kwenye mdahalo chuoni ukaambiwa "acha kulialia"

Binti wa Eastleigh
Hamjambo wanajamvi. Hili ninalo moyoni tangu 2023, nikiwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Nairobi. Tulikuwa tunajadili kama wanafunzi wakatazwe kuitana kwa majina ya kikabila. Nikasimama kueleza kwa nini "wariah", jina la mtaani tunaloitwa Wasomali, inaniuma. Mimi ni Msomali niliyezaliwa Pumwani, lakini nilipotimiza miaka 18 niliitwa mbele ya kamati ya ukaguzi, nithibitishe kwamba mimi ni Mkenya, na hati za babu yangu mkononi, ndipo nipate kitambulisho. Tuliyelala naye chumba kimoja hosteli, mtu wa Nyeri, hakuulizwa babu. Nikiitwa hivyo kwenye foleni ya mesi, naiona ile kamati.

Kaka mmoja akanijibu hata bila kusimama: "Acha kulialia, dada. Chifu hutusumbua sote. Katiba imetupa uhuru wa kusema." Makofi ukumbi mzima. Mwenyekiti akatazama saa, akasema turudi kwenye mada.

Februari 2025 rais alipotangaza kuufuta ukaguzi huo, wenzangu walewale wakaniuliza, kumbe ulikuwepo? Niliwaambia mbele yao!

Hiyo Ibara ya 33 ya Katiba aliyoitegemea yule kaka, mbele kidogo inasema uhuru huo haugusi matamshi ya chuki, na kwamba kila mtu aheshimu haki na sifa za wenzake. Sidai kila anayesema "wariah" ana chuki. Nilitaka wanisikilize kwanza, halafu wanipinge wakitaka.

Yamekukuta? Tuambie.

Msabato wa Kisii
Pole sana dada yangu. Mimi niliomba mtihani wa Jumamosi usogezwe. Kwenye kikao cha wanafunzi, komredi aliyekuwa akitetea wanyonge kila wiki akaniambia dini niiache kijijini, huu si ushamba. Ibara ya 32 inakataza mtu kunyimwa haki kwa sababu ya imani yake, lakini sikupewa nafasi ya kufika huko. Karatasi ile niliikosa, nikarudia somo mwaka uliofuata. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilimpigia kura.

Mwanamidahalo
Nami niliwahi kuwa mwenyekiti wa aina hiyo, chuo kingine. Kijana Mnubi wa Kibera alikuwa ameanza kueleza habari za kwao, nikamkatiza kabla dakika mbili hazijaisha, eti hoja yake ni ya kibinafsi. Aliyemfuata alizungumza juu ya uhuru kwa jumla, dakika saba, sikumgusa. Yule kijana akakunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaketi. Sikupata kujua alikuwa ameandika nini.

Binti wa Eastleigh
Kaka, namba yake unayo bado? Mpigie, umuulize.