Taa ya cheki injini imerudi baada ya kufunga sensa mpya ya oksijeni. Ninunue na sensa ya hewa?

Mpole_Barabarani
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla mfuko haujatoboka zaidi. Gari yangu ni ya petroli, cc 1800, silinda nne, otomatiki. Taa ya cheki injini iliwaka, fundi akachomeka mashine, zikatoka kodi (namba za hitilafu) mbili: P0135 na P0171. Akasema sensa ya oksijeni imekufa. Tukafunga mpya, akafuta kodi. Haikuchukua muda taa ikarudi, kodi ni zile zile. Sasa anataka tununue na sensa ya hewa, ile inayokaa baada ya filta. Ikiwa sailensa (inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta) inatetema kidogo, hasa nikiweka gia ya D. Barabarani inakimbia safi kabisa. Ila mafuta inakula kuliko zamani. Ninunue au nitulie?

Chuma_Chakavu
Chukua solotepu nyeusi, bandika juu ya taa. Mgonjwa amepona 😂

Mzee_wa_Spana
Kijana, usinunue kitu. Kodi haitaji spea iliyokufa, inataja mahali ambapo kompyuta haijaridhika. Na hapo una malalamiko mawili tofauti.

P0135 ni saketi ya kipasha joto cha sensa ya oksijeni ya mbele. Nimesema saketi: yaani sensa yenyewe, soketi, waya na fyuzi. Amebadilisha kimoja kati ya vinne na kodi imerudi, kwa hiyo tafuta kwenye vitatu vilivyobaki.

P0171 maana yake hewa ni nyingi kuliko petroli. Injini ya petroli inataka hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Kompyuta ikiona oksijeni imezidi kwenye ekzosi inaongeza petroli, inaongeza tena, ikifika kikomo chake inawasha taa.

Anza na P0135. Sensa ya oksijeni haisomi kitu cha kuaminika mpaka ifike nyuzi joto 300 na zaidi. Kipasha joto kikiwa hakifanyi kazi, ukisimama kwenye foleni sensa inapoa na majibu yake ni ya kubahatisha. Utatafutaje hewa iliyozidi kwa shahidi wa namna hiyo?

Mpole_Barabarani
Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Sasa hiyo saketi naipimaje? Nina mita ya umeme ya kawaida tu.

Mzee_wa_Spana
Marahaba. Hiyo hiyo inatosha. Acha ekzosi ipoe, chomoa soketi ya sensa. Upande wa sensa utaona waya nne, mbili mara nyingi ni za rangi moja: hizo ndizo za kipasha joto. Pima omu kati yake. Ukipata omu chache, hata kumi na kitu, kizima. Mita isiposoma kabisa, kimekatika. Halafu washa injini upime soketi ya upande wa gari, waya mmoja wa kipasha joto lazima uwe na volti 12. Usipozikuta, nenda kwenye boksi la fyuzi.

Mpole_Barabarani
Mzee, sensa inasoma omu 6. Upande wa gari volti hakuna. Fyuzi imeungua! Nimeweka nyingine ya ampea zile zile, umeme umerudi.

BintiGereji
Kaka usifunge boneti bado. Fyuzi haiungui kwa kujisikia. Fuatilia ule waya kuanzia soketi kurudi nyuma, angalia unapopita karibu na ekzosi.

Mpole_Barabarani
Dada una macho ya mbali. Klipu inayoshikilia waya haipo, waya umelalia ngao ya joto ya manifoldi. Ganda limeyeyuka, shaba inaonekana, na kwenye bati kuna alama nyeusi pale ulipokuwa unagusa. Nimeuvisha ganda jipya na kuufunga mbali na bati. P0135 haijarudi tena. P0171 bado ipo.

Turbo_Kobe
Sasa hapo ni sensa ya hewa, fundi wako hakukosea. Ikichafuka inasoma hewa kidogo kuliko inayoingia, kompyuta inatoa petroli kidogo, P0171 hiyo hapo. Hasa kama mtu aliwahi kuweka filta ya kupaka oili, ile oili inahamia kwenye kiwaya cha sensa.

BintiGereji
Inawezekana Kobe, ila tusikisie wakati namba zipo. Mpole, tafuta kisomeo cha OBD (soketi ya gari ya kusomea kodi) cha kuunganisha na simu, fungua data za moja kwa moja. Injini ikiwa ya moto utuletee fueli trimu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ikiwa sailensa, halafu ukiishikilia kwenye mizunguko 2500 kwa dakika. Na gramu za hewa kwa sekunde.

Mpole_Barabarani
Sailensa: muda mrefu +19, muda mfupi inacheza +4 mpaka +7. Hewa gramu 1.6.
Mizunguko 2500: muda mrefu +5, muda mfupi karibu na sifuri.
Nikiwa D nimekanyaga breki, muda mfupi inaruka mpaka +12.

Turbo_Kobe
Gramu 1.6 kwa cc 1800? Kawaida ni kama gramu moja kwa kila lita, hata zaidi. Inasoma chini. Si nilisema?

BintiGereji
Inasoma chini kwa sababu hewa nyingine haipiti mbele yake! Soma trimu. Sensa chafu inadanganya zaidi kadiri hewa inavyoongezeka, kwa hiyo ukikanyaga resi trimu ingepanda. Hata pampu ya petroli iliyochoka ingeonyesha hivyo. Hapa trimu inashuka ukikanyaga. Hiyo ni hewa ya wizi inayoingia baada ya sensa. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo, tundu dogo ni sehemu kubwa ya hewa hiyo. Ukikanyaga, tundu ni lile lile ila hewa halali imekuwa nyingi, wizi hauonekani.

Mzee_wa_Spana
Naunga mkono. Naongeza kitu kimoja: kagua gasketi ya manifoldi ya ekzosi pia. Ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inavutwa ndani, sensa inaona oksijeni na kulalamika bure. Asubuhi injini ikiwa ya baridi sikiliza mlio wa tik tik tik.

Mpole_Barabarani
Tik tik hakuna mzee. Nimepitia hozi zote za vakyumu na ile ya gesi za injini, nzima. Mpira mkubwa wa hewa nao nauona mzima.

BintiGereji
Hiyo kuruka ukiweka D ndiyo inanisumbua. Ukiingiza gia injini inainama kwenye mipira inayoishikilia. Zima gari, shika mpira wa hewa kati ya sensa na throto (mlango wa hewa wa injini), ukunjue kwa mikono miwili, chungulia chini kwenye mikunjo. Si juu, chini.

Mpole_Barabarani
DADA!! Upande wa chini, mkunjo wa pili kutoka kwenye throto, kuna ufa unaingia kidole. Ukiuachia unajifunga, huoni kitu. Ukiuvuta kidogo tu unafunguka kama mdomo.

Turbo_Kobe
Haya, nimekubali. Lakini ukiufungua huo mpira isafishe na sensa. Dawa yake maalumu tu ya kupuliza, siyo ya kabureta, usiguse kiwaya kwa kidole wala kitambaa, na iache ikauke kabla ya kuwasha.

Mpole_Barabarani
Mrejesho wakuu. Mpira mpya umefungwa, klempu zote mbili nimezikaza, sensa nimeipulizia. Sailensa sasa: muda mrefu +2, hewa gramu 2.2. Mtetemo umeisha. Kodi sijaifuta, taa itazima yenyewe?

Mzee_wa_Spana
Itazima baada ya kompyuta kujipima mizunguko kadhaa ya safari na kuridhika. Ukifuta kwa kisomeo inazima papo hapo, ila unafuta na kumbukumbu ya majaribio yake, na kama una ukaguzi wa moshi karibuni watakwambia gari halijawa tayari kupimwa.

Lulu_wa_Safari
Samahani kuingilia uzi. Yangu haiwaki moja kwa moja, inapepesa nikipanda mlima halafu inatulia. Nisafishe sensa ya hewa na mimi?

BintiGereji
Hapana dada. Taa inayopepesa ni silinda inakosa moto, na petroli isiyoungua inaenda kuchoma masega (kichujio cha kusafisha moshi) kwenye ekzosi. Punguza mwendo, usiendelee kuipandisha mlima. Kagua plagi na koili kwanza. Fungua uzi wako, weka kodi zote, na usifute hata moja kabla hujaziandika.