Kona ya vitabu vya watoto Nkuhungu: vitabu vya dukani, vya kuchapa wenyewe, au vishikwambi?

MamaTuli:
Habari za jioni wadau. Tumepewa chumba hapa Nkuhungu, Dodoma, watoto wa mtaa wawe wanasoma na kucheza Jumamosi. Kuna hela imechangwa na inatakiwa itumike kabla shule hazijafunga mwezi wa 6. Kamati haielewani. Wengine wanataka vitabu vya dukani, wengine vishikwambi, na mmoja anasema tuchape wenyewe hadithi za bure. Kipi bora?

Kipanga_Veyula:
Dada, hapo umeuliza bei ya ng'ombe bila kusema ni wa maziwa au wa nyama. Watoto wangapi? Umri gani? Hela kiasi gani? Umeme upo? Na nani atakaa nao, maana chumba chenye watoto bila mtu mzima ni uwanja wa rede tu.

Mwl_Chamwino:
Ongezea: wanaojua kusoma ni wangapi? Usiseme madarasa yao, sema wanaoweza kusoma sentensi nzima. Hivyo ni vitu viwili tofauti.

MamaTuli:
Samahani wakuu. Watoto ni kama 40, miaka 4 hadi 11. Hela ni laki nane. Luku ipo. Tutakuwa watu wazima watatu. Wanaosoma vizuri hawafiki nusu.

Mwl_Chamwino:
Basi vishikwambi viondoe mezani. Laki nane hata ukibana sana ni vinne au vitano, na kila kimoja kitagombewa na watoto wanane au kumi. Mtoto atakishika dakika tano kisha anasukumwa.

Changanya dukani na kuchapa. Dukani chukua vile vyenye picha kubwa na sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Wachapishaji Mkuki na Nyota na E&D Vision wana vitabu vya watoto vya Kiswahili, na ukikutana na vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991, vichukue. Kabla ya kununua pita maktaba ya mkoa hapa mjini uvishike mkononi. Tazama mshono: kitabu kilichobanwa kwa gundi tupu kitaachia kurasa mapema sana kwa watoto wa miaka mitano.

Vitabu vya kiada usinunue. Vipo bure maktaba mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), na Jumamosi mtoto hataki kuona alichokiona Ijumaa.

Fundi_Karatasi:
Kuchapa wenyewe ndiyo jibu, ila watu wanakosea hesabu. African Storybook (mradi wa Saide, Afrika Kusini) na StoryWeaver ya Pratham Books, India, wana hadithi za Kiswahili za kupakua bure. Soma leseni ya kila hadithi. Nyingi zinaruhusu kuchapa ukitaja waandishi na wachoraji, baadhi zinakataza kuuza.

Kurasa za kijitabu lazima zigawanyike kwa 4. Kijitabu cha kurasa 16 ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa katikati, yaani pande 8 za kuchapa. Stesheneri wakikutoza 500 kwa upande wa rangi, hiyo ni 4,000 kwa kijitabu. Nyeusi kwa 100 ni 800. Rangi weka kwa wadogo, wakubwa wape nyeusi. Waambie wachape kwa mpangilio wa kijitabu, pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Wakigeuza kwa upande mrefu, nyuma inatoka kichwa chini na hela imekwenda. Chapa kimoja cha majaribio kwanza.

Karatasi ya nje iwe nzito, gramu 160 kwa mita ya mraba, za ndani 80 zinatosha.

Pini za stepla ziache, zinashika kutu masika na zinachoma vidole. Shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mawili sentimita 4 kutoka kila ncha. Anzia ndani katikati utoke nje, ingia tundu la juu, ndani ruka hadi la chini utoke, rudi nje hadi katikati uingie, kisha funga fundo juu ya ule uzi mrefu. Uzi wa nailoni unadumu. Mtoto wa miaka kumi anajifunza, na hiyo yenyewe ni shughuli ya Jumamosi nzima.

Binti_Kongwa:
Naunga mkono, ila msifunike vitabu kwa seloteepu. Kwa joto letu gundi yake inalainika, inatoka pembeni, inashika vumbi la mwezi wa 8 na kurasa zinanatana. Funika kwa nailoni ya madaftari, ukunje ndani bila kugundisha kwenye jalada. Ukurasa ukichanika tumia gundi nyeupe kidogo na kipande cha karatasi nyembamba. Uji wa ngano hapana, unaita mende na panya.

Sola_Ipagala:
Mnavipiga vita vishikwambi bure. Kimoja kinabeba hadithi 500, na za sauti pia.

Kipanga_Veyula:
Mkuu, kuna kituo kimoja hapa Dodoma, sikitaji, kilikwenda njia hiyo hiyo. Walinunua kumi. Hadithi hazikupakuliwa, zilifunguliwa mtandaoni, bando likiisha hadithi zimeisha. Chaji ilipitia ekstensheni moja sakafuni, watoto wakawa wanavuta nyaya na matundu ya chaji yakalegea, moja baada ya jingine. Vilifungiwa kwenye kabati la chuma ndani ya chumba cha bati kisicho na dari. Mchana wa mwezi wa 10 mle ndani ni tanuri, betri zikavimba. Hakuna aliyebandika skrini kwenye programu moja (yaani kuifunga mtoto asitoke kwenda nyingine), kwa hiyo magemu yaligunduliwa mapema kuliko hadithi. Vilivyobaki vizima vikahamia kwa viongozi "kwa usalama". Mpaka leo viko salama.

Sola_Ipagala:
😂 Hilo ni kosa la usimamizi, si la kifaa. Pakua kila kitu kwenye memori kadi, chaji usiku kwa mtu mzima, bandika skrini. Kimoja tu na spika ndogo kinatosha: watoto wote wanasikiliza, wewe unafunua kitabu kilekile cha karatasi. Hiyo hamjaijibu.

Mwl_Chamwino:
Kimoja na spika sikatai. Ila mtu anayesoma kwa sauti anasimama, anauliza "unadhani atafanya nini sasa?" na anasubiri. Spika haisubiri.

Na kijitabu cha nusu A4 hakionekani na watoto 40. Mko watatu, wagawe makundi matatu, au hadithi moja ichapwe A3 kwa ajili ya msomaji. Wanaosoma wenyewe wafundishe vidole vitano: anasoma ukurasa, neno likimshinda anakunja kidole, vikiisha vitano kabla ya ukurasa kuisha, kitabu ni kigumu, abadilishe. Bandika alama za rangi mgongoni mwa vitabu: nyekundu picha tupu na neno mojamoja, njano sentensi, kijani aya.

MamaTuli:
Na wale ambao hawajui kusoma kabisa tufanye nao nini?

Binti_Kongwa:
Vizibo vya soda, na kwenye baa havinunuliwi. Konsonanti 10 za kawaida (m, k, t, b, l, n, s, w, d, p) kwa irabu 5 ni silabi 50. Kila moja tengeneza mbili, la sivyo "mama" na "kaka" haviandikiki. Ongeza irabu peke yake tatutatu, jumla vizibo 115. Ponda kingo kwa nyundo zisikate, paka rangi nyeupe ya mafuta ndani, ikauke, ndipo uandike kwa maka peni. Ukiandika juu ya bati tupu yanafutika kwa jasho la mikono. Wa chini ya miaka mitatu wasishike.

Mchezo: mwaga, taja kitu kilicho kwenye picha ya kitabu, kundi la kwanza kukiunda linachagua hadithi inayofuata.

Mzee_wa_Zabibu:
Wanangu, mmesahau mtoto anayesikia Kigogo nyumbani. Picha ielezwe kwanza kwa Kigogo, halafu hadithi isomwe kwa Kiswahili. Anaelewa haraka.

Kipanga_Veyula:
Mzee, shikamoo. Huko vijijini sawa. Nkuhungu ya leo ina Warangi, Wanyaturu, Wasandawe, na watumishi waliohamia na serikali. Utaeleza kwa lugha ngapi?

Mzee_wa_Zabibu:
Marahaba. Kwa ya yule anayekutazama bila kuelewa. Vitendawili je? Bao je? Bao la kete 64 linafundisha hesabu kuliko hizo simu zenu pana.

Sola_Ipagala:
Bao kwa mtoto wa miaka minne, mzee? Kete zitaliwa.

Mzee_wa_Zabibu:
Huyo mpe mdako. Wa miaka tisa aanze na safu mbili tu.

Fundi_Karatasi:
Turudi kwenye mada. Rafu zisigusane na ukuta, mchwa wa huku wanapanda na udongo wao. Acha sentimita tano, miguu isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Au acha rafu kabisa. Kijitabu changu kina gramu kama 25, mia moja ni kilo mbili na nusu, boksi la plastiki lenye mfuniko linatosha na linapanda bodaboda.

Binti_Kongwa:
Vya dukani ni vizito zaidi ya hapo, mkuu. Na boksi linaficha majalada, mtoto mdogo anachagua kwa macho. Funga kamba ukutani, ning'iniza kwa vibanio vya nguo, jioni virudi kwenye boksi.

MamaTuli:
Asanteni sana. Kamati imeanza ugomvi mpya: vitabu viazimishwe nyumbani au visomwe hapo hapo?

Mwl_Chamwino:
Viazimishwe. Daftari lenye namba, jina la mtoto, tarehe ya kutoka, ya kurudi, hali ya kitabu. Kimoja kwa wiki.

Kipanga_Veyula:
Visiazimishwe mpaka viwe zaidi ya 80. Watoto 40 wakiondoka na 40, Jumamosi mvua ikinyesha na wasirudi, mtabaki na vizibo.

Mwl_Chamwino:
Kitabu kinachofungiwa kinasomwa na mchwa.

Sola_Ipagala:
Ndiyo maana nikasema memori kadi.

MamaTuli:
Jamani 🙏 Karatasi ya gramu 160 hapa mjini inauzwa kwa pakiti au wanakupimia?