Shoga kakuonyesha chimbo la vitumbua, ukiliposti umekosea?

Binti wa Mapipa
Wadau habari za asubuhi, naomba mniambie ukweli. Kuna mama huku Magomeni anapika vitumbua uani kwake, hana bango wala meza barabarani. Nilipelekwa na shoga yangu, naye alipelekwa na jirani yake. Unapita kichochoro unapiga hodi, unakuta chuma kiko kwenye mkaa, mama kakaa kwenye kigoda anachota rojo kwa upawa anajaza tundu moja moja, pembeni zikianza kuwa kahawia anageuza kwa kijiti. Kimoja mia tatu, ukikipasua ndani kina matundu matundu na iliki inakupiga puani. Jumamosi nikapiga picha nikaposti na njia nikaelekeza, nia yangu mama auze. Jumatatu shoga yangu kafika saa moja kasoro kakuta vimeisha, uani kumejaa watu asiowajua, kanitumia neno moja tu, "umeniharibia". Mpaka leo ananinunia. Mimi naona riziki ya mtu haifichwi, nimekosa wapi?

Mkazi wa Ilala
Hujakosa kitu, wanaoficha machimbo ni wachoyo tu. 2021 wamachinga walivyopangwa upya hapa mjini, mama lishe niliyekula kwake miaka mitatu nilimpoteza hivi hivi, hakuna aliyejua kahamia wapi kwa sababu sote tulimjua kwa mdomo tu. Angekuwa kaandikwa mahali tungemfuata. Ila dada, vitumbua vya Dar siku hizi ni unga wa dukani na sukari, ukitaka kitumbua panda boti uende Unguja.

Mjukuu wa Temeke
Umeanza vizuri umemalizia vibaya kaka. Bibi yangu amepika vitumbua Temeke mpaka mgongo umepinda, mchele analoweka usiku, asubuhi anatwanga kwenye kinu sisi wajukuu tunachekecha, nazi anakuna mwenyewe kwenye mbuzi. Ndiyo ada yetu ya shule hiyo. Unakuja leo kusema Dar hakuna kitumbua? Ungesema hujawahi kula nyumbani kwa watu ningekuelewa.

Mie wa Darajani
Jamani hajakutukaneni. Kwetu Unguja nako wapo wanaotumia unga wa dukani, mie mwenyewe nimewaona. Tofauti ni tui. Tui la kwanza zito ndilo linalosagiwa mchele, usilitie maji mengi. Na ukishaweza rojo la kitumbua basi mkate wa kumimina huo hapo, unaongeza ute wa yai tu. Wenzetu wengi huku naona wanatia tui la pakiti halafu wanashangaa kitumbua kinakuwa kama mpira.

Mama Wawili Tegeta
Tui la pakiti limekukosea nini? Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri nipate daladala, narudi saa mbili usiku, nikune nazi saa ngapi? Wanangu wanakula vitumbua vya tui la pakiti na wananishukuru. Mnaongea kama kila mwanamke ana dada wa kazi na mbuzi ya nazi uvunguni. Inaniuma sana hii, tena kutoka kwa watu ambao wengine hata jiko hawaliwashi.

Mie wa Darajani
Dada yangu nisamehe, sikukusudia wewe. Lakini kama una friji, kuna tui la Jumapili, kuna naz...

Mama Wawili Tegeta
Sina friji.

Binti wa Mapipa
Wadau mimi nimeuliza habari ya shoga yangu na yule mama, mmehamia kwenye nazi.

Mpishi Kijitonyama
Mdogo wangu ngoja nikujibu mimi maana nauzia nyumbani. Mteja mmoja aliwahi kuniposti kama ulivyofanya wewe, kwa mapenzi kabisa. Kesho yake saa kumi na mbili watu wamesimama mpaka mlangoni kwa mpangaji mwenzangu, mtoto wake anaoga nje watu wanamtazama. Mwenye nyumba akaniita. Rojo langu lilikuwa la kilo tatu, huwezi kuongeza saa hiyo, mchele unataka kulala na hamira inataka muda wake. Nikawarudisha watu wazima na vyombo vyao mikononi, wengine wakaondoka wananisonya. Wateja wangu wa siku zote, wale wanaonikopa Jumatano wakalipa Ijumaa, ndio waliokosa. Uani kwa mtu ni nyumbani kwake, pale sio sokoni. Rafiki akikuleta, yeye ndiye kakudhamini kwangu, ukileta mia usiowajua anadhaminiwa nani na nani? Ungemuuliza mama tu, "nikutangaze?" Pengine angesema ndiyo, pengine angekupa namba watu waagize jioni bodaboda apeleke.

Raia Mwema Kimara
Na hapo ndipo hatari ilipo, chakula cha uani TFDA, wale wa chakula na dawa, wamekikagua? Mtu akiumwa tumbo mnamlaumu nani?

Mkazi wa Ilala
TFDA ipi mkuu? Mambo ya vyakula yalihamia TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Na mimi naumwa tumbo kwenye mahoteli yenye vioo, kwa mama lishe sijawahi.

Raia Mwema Kimara
TBS basi, hoja yangu iko palepale, msinibadilishie.

Mjukuu wa Temeke
Mkazi wa Ilala bado hujaniomba radhi ya bibi.

Mkazi wa Ilala
Nimekuomba radhi ya bibi. Ya vitumbua bado, mpaka nionje.

Binti wa Mapipa
Mpishi asante, umenigusa. Posti nimefuta jana usiku. Leo asubuhi nimeenda kwa mama kumwomba samahani, hata hakunigombeza, kaniuliza tu "mwenzio mbona haji?" Kumbe toka Jumanne anamwekea sita kwenye kibakuli chini ya kawa, mpaka vinapoa anampa mjukuu. Nikavichukua nikampelekea. Kavipokea mlangoni, kasema asante, hajanikaribisha ndani.

Mama Wawili Tegeta
Usichoke, nenda na kesho. Mpishi, nami nisaidie, rojo langu likilala linachacha, kosa nini?

Mpishi Kijitonyama
Joto la Dar dada. Loweka mchele tu usiku, hamira tia asubuhi ukishasaga, nusu kilo kijiko kimoja cha chai, funika, saa moja linakuwa limeumuka. Na la pakiti tumia, usiwasikilize, ila usiongeze maji.