"Simpson imeshuka kidogo tu": Simpson ipi? Acheni kututupia namba za bioanuai zisizo na maelezo!

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Nimeletewa rasimu ya ripoti ya samaki niipitie, ya ofisi moja ambayo siitaji. Jedwali safi, grafu za rangi, na chini yake sentensi moja: fahirisi ya Simpson (kipimo cha bioanuai, yaani utofauti wa spishi) imeshuka kidogo tu. Natafuta wameikokotoa vipi. Kwenye mbinu wameandika kwamba data zilichakatwa kwa R. Basi, wamemaliza! Ni kama kumuuliza mtu ameweka nini kwenye pilau, akakujibu ametumia sufuria.

R ni lugha nzima ya kompyuta ya kuchambua takwimu. Ndani yake kuna maelfu ya vifurushi (vya zana za kukokotoa, si vya bando, tulieni), na kila kimoja kina mipangilio yake. Chukua vegan, ambacho karibu kila mwanaikolojia anakitumia. Fanksheni (amri ya kukokotoa) yake ya diversity ina Simpson mbili, na majibu yake hayafanani hata kidogo.

Tuseme umevua spishi 8, zote kwa idadi sawa. Ukichota samaki wawili bila kuchagua, uwezekano wa kuwa spishi moja ni 0.125. Hicho ndicho kipimo alichokieleza Simpson mwaka 1949. Kitoe kwenye moja, unapata 0.875, na hiyo ndiyo vegan inakupa ukiandika "simpson". Gawa moja kwa hicho kipimo, unapata 8, na hiyo ndiyo "invsimpson". Zote tatu watu wanaziita Simpson! Tena ile ya kwanza hupanda bioanuai inapopungua. Sasa nikisoma "imeshuka", nifurahi au nilie?

Shannon, fahirisi nyingine ya bioanuai inayotumia logi (logarithimu), nayo ni hivyo hivyo. Samaki wale wale, kwa logi asilia ni 2.08, kwa logi ya msingi wa 2 ni 3, kwa ya 10 ni 0.90. Usipogusa kitu, vegan inatumia logi asilia. Halafu mtu anaokota tasnifu ya zamani iliyotumia logi ya 10, anailinganisha na 2.08 yake, anatangaza kwamba bwawa limepona.

Ila kinachonichoma hasa ni hilo neno "kidogo". Ziwa lilikuwa na spishi 16 zenye idadi sawa, zimebaki 8. Nusu imetoweka. Simpson ile ya kutoa kwenye moja inatoka 0.9375 kwenda 0.875, yaani haijashuka hata asilimia 7. Nusu ya spishi imekwisha, na ripoti inasema mambo si mabaya! Na hapa tunazungumzia Ziwa Victoria, wakuu, ziwa ambalo sangara aliingizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wakawa wameporomoka. Furu ni mamia ya spishi zilizochipuka humo humo ziwani kwa muda mfupi mno kwa hesabu za mageuzi, wanabiolojia wa dunia nzima wanawashangaa. Sisi wenye ziwa tunawapima kwa fahirisi ambayo hatujui inasema nini.

Na dawa ipo tangu 1973. Mwanaikolojia Hill alionyesha namna ya kuzigeuza fahirisi hizi ziwe idadi ya spishi zenye wingi sawa. Zikifa nusu kama kwenye mfano wangu, namba inatoka 16 kwenda 8, hata mjumbe wa mtaa anaelewa. Kifurushi cha R kiitwacho iNEXT kinakufanyia, bure.

Watu wa jeni msicheke, nanyi mmo. Mnatumia mikrosatelaiti (vipande vya DNA vinavyojirudia) zenye aleli (matoleo tofauti) kibao, mnapata GST (kipimo cha makundi yanavyotofautiana kijeni) ya 0.08, mnaandika kwamba samaki wa visiwa hivi na vile wanachanganyikana. Mwanaikolojia Lou Jost alishaeleza mwaka 2008: utofauti ndani ya kila kundi (uwezekano wa aleli mbili kutofanana) ukifika 0.9, GST haiwezi kuzidi 0.1 hata kama makundi hayana aleli moja ya pamoja. Fanksheni ya basic.stats ya kifurushi cha hierfstat inawawekea Dest, kipimo cha Jost mwenyewe, palepale kando ya Fst, ndugu yake GST. Mnairuka kwa macho!

Ingekuwa programu ya kufungwa kwa leseni ya mamilioni, ningewaelewa. Lakini hii ni programu huria, R iko chini ya leseni ya GPL tangu 1995. Ukishaita vegan, andika neno diversity bila mabano, bonyeza Enter, msimbo wote unajimwaga mbele yako na logi yake. Andika sessionInfo() upate matoleo yote. Andika citation("vegan") upate namna ya kuwataja waliokutengenezea kitu bila kukudai senti. Ni mistari mitatu. Na skripti (faili la amri ulizotumia) iambatanishwe nyuma ya ripoti, pamoja na jedwali la idadi ya kila spishi, ili mwingine akitaka kukokotoa upya aweze. (Wale wa "R ngumu" mnaotumia programu za kukraki, uzi wenu utakuja.)

Ripoti nimeirudisha na swali moja tu: Simpson ipi? Jibu nililopewa: "Mkuu, mbona unakuza mambo, namba si imetoka kwenye kompyuta?"

Wenye ofisi zenu mko humu, njooni mjibu.